Natafuta amplifaya isiyokwaruza

Ukifuatilia watu wanaochambua amplifaya YouTube utadhani dunia nzima inapiga roki. Jamaa anachomeka gitaa, anapandisha nobu ya geini, anavuta uzi mmoja mpaka uso unajikunja, halafu anatuambia amplifaya hii ina roho. Anachosifia chote ni namna inavyokwaruza. Ikiwahi kukwaruza inapewa nyota, ikichelewa inaambiwa ni baridi.

Mimi ni mpiga solo wa bendi ya harusi na kumbi, mwisho wa wiki, Sinza na Kinondoni zaidi, mara mojamoja Mbezi. Hiyo amplifaya baridi ndiyo ninayoitafuta. Muziki wetu wa dansi unasimama juu ya magitaa matatu yanayopishana. Ridhimu anashikilia chini, solo la pili anajaza katikati, mimi niko juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, na sebene likishakolea kila mmoja anarudiarudia kipande chake kifupi. Utamu wote uko kwenye kuachiana nafasi. Sasa sauti inayokwaruza ina tabia ya kunenepa: inaongeza masafa mengine juu ya noti uliyopiga, inafuta ule mguso wa kwanza wa noti, na inavimba mpaka kwenye upenyo ambao mwenzako alikuwa anajiandaa kuingia. Gitaa moja likikwaruza, hayo mawili yameshapotea. Sikiliza rekodi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, za miaka ya 70 na 80, bendi kama Sikinde au Msondo wakati bado inaitwa JUWATA, uone kama utakutana na gitaa linalonguruma. Magitaa unayahesabu kwa masikio.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa amplifaya yoyote ni moja: naipandisha mpaka wapi kabla haijaanza kukwaruza, na ikifika hapo, nasikika juu ya drum na tarumbeta? Rangi, jina na vitaa vya mbele tutaongea baadaye.

Ninayoimiliki ni Peavey Bandit 112. Nyeusi, wati 80, spika moja ya inchi 12, haina valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, hata ya dawa. Nimeinunua kwa Mmarekani wa Masaki aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, na bei ya mtu mwenye ndege keshokutwa mnaijua. Ilikuja na transfoma yake ya kushushia umeme, lichuma la kijivu ambalo kwa uzito linakaribia kuishinda amplifaya yenyewe, kwa sababu Bandit hiyo ni ya volti 120 na ukutani kwetu ni 230. Hakuna kijana anayelala akiota Bandit. Peavey wameitengeneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, imejaa makanisani na kwenye magereji ya Marekani, na haina hadithi yoyote ya kusimulia. Lakini chaneli yake safi ni safi kweli. Unaipandisha, inapanda, basi. Ile chaneli ya pili ya kukwaruzia siigusi, nobu zake bado ngumu kama zimetoka dukani.

Udhaifu wake uko kwenye jeki ya kuchomekea gitaa. Imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, kwa hiyo kila anayekanyaga kebo yako jukwaani anakuwa ameivuta bodi. Ikafika wakati sauti inakuja, inaondoka, unaipiga teke kidogo inarudi. Fundi wangu wa redio yuko Ilala, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliitoa bodi, akaigeuza chini ya taa, akanisogezea ncha ya bisibisi. "Kaka, angalia hapa." Kuzunguka mguu mmoja wa jeki palikuwa na duara jeusi jembamba, ufa usiozidi unywele, lehemu imeachia chuma pande zote lakini bado imekaa mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Akanyonya lehemu ya zamani. Kisha, bila mimi kusema kitu, akaing'oa jeki yote kwenye bodi, akaiunga kwa vipande vifupi vya waya na kuikaza kwenye chuma cha mbele kwa nati yake. Siku hizi kebo ikikanyagwa kinachotikisika ni waya. Alichonitoza hakifiki bei ya chipsi mayai za watu wawili. Tangu hapo, nikiangalia amplifaya ya mtu huwa naiangalia na kwa jicho la yule mzee: hii ikifa, ataweza kuifungua?

Mazoezini kwetu, Mwananyamala, mada hii haiishi, na umeme ukikatika ndiyo inakolea. Mpiga solo la pili, jamaa yangu wa Tabata, ana Boss Katana ya wati 50. Ndani ni kompyuta inayoigiza amplifaya mbalimbali, na kitu anachojivunia zaidi ni kile kiswichi cha nguvu: wati 50, 25 au nusu wati. Namwelewa. Anaishi nyumba ya kupanga, ukuta wake mmoja ni wa mama mwenye mtoto mchanga. Kwa nusu wati anafanya mazoezi saa nne usiku na asubuhi bado anasalimiwa. Tumeziweka ubavu kwa ubavu. Kwa sauti ya chini Katana inaipita yangu mbali, ina utamu, ina mwangwi mzuri, Bandit inasikika kavu. Drum na tarumbeta zikiingia mambo yanageuka, ya kwake inaanza kujibana na ya kwangu inaendelea kusimama wima.

Yeye anasema ni sikio langu limezoea, na hesabu iko upande wake. Kati ya wati 50 na 80 tofauti ni desibeli 2 tu, kitu ambacho katikati ya kelele za ukumbi hakuna atakayekigundua. Ili sikio lione sauti imeongezeka maradufu unahitaji wati mara 10 hivi, siyo 30 za nyongeza. Kwa hiyo wati peke yake hazielezi. Mimi nadhani ni ule mpangilio aliouhifadhi, una mbano ndani yake unaopendeza chumbani na kukunyima pumzi ukumbini. Hakubali kuufuta. Tumeachia hapo.

Mpiga ridhimu wetu ni mzee, alipitia bendi za mashirika miaka ya 80. Nilimuuliza siku moja, "Shikamoo mzee, hivi enzi zako wewe amplifaya yako ilikuwa gani?"

"Marahaba. Yangu? Yangu ya wapi, mwanangu? Ilikuwa ya shirika."

Hilo jibu vijana wengi hawalielewi mpaka uwarudishe nyuma. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipogeuka OTTU, bendi ikafuata. Leo ni Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, iliyoanza 1978, ilikuja kubeba herufi za DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mbele ya jina lake. Bendi iliitwa kwa jina la mwenye vyombo. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa kama karani, vyombo vinalala stoo na funguo anazo mtu mwingine. "Ukihama bendi," anasema mzee, "unahama na vidole vyako." Na watu walihama kweli, mara nyingi kufuata mwenye vyombo vipya zaidi. Matokeo yake tuna kizazi kizima cha wapiga gitaa bora kuliko sisi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanapenda amplifaya gani. Walipigia iliyokuwepo.

Labda ndiyo maana mzee akikabidhiwa amplifaya yoyote ile haisomi hata jina. Anaenda moja kwa moja kwenye nobu ya besi, anaishusha mpaka sifuri. Nilimuuliza kwa nini. "Huko chini pana mwenyewe." Alimaanisha mpiga besi. Kisha anapandisha kati kidogo, anapiga kodi moja, anatikisa kichwa, amemaliza. Sisi wengine tunachukua robo saa na bado tunarekebisha katikati ya wimbo wa pili.

Ila kuna moja anayoitaka kwa jina, na ni hiyohiyo inayoninyima usingizi mimi: Roland JC-120, Jazz Chorus. Wajapani waliitoa 1975 na mpaka leo haijaacha kutengenezwa. Haina valvu. Kimsingi ni amplifaya mbili za wati 60 ndani ya boksi moja, kila moja na spika yake ya inchi 12. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa gitaa lako kama lilivyo, ya pili inatoa lilelile likiwa linapanda na kushuka kidogo sana. Hakuna sehemu yoyote ndani ya mashine ambapo hizo sauti mbili zinachanganywa. Zinachanganyikana hewani, mbele ya boksi, ndiyo sababu ukizunguka chumbani unasikia gitaa linatembea na wewe. Na usafi wake! Unaweza kuipandisha mpaka meno yakaume na bado noti inatoka imenyooka. Ina nobu ya distoshoni pia, ambayo inachekwa na wapiga gitaa wa kila bara, na mimi hiyo naihesabu kuwa sifa.

Sasa hapo kwenye hewa ndipo pana mtego. Kuna ukumbi mmoja tulikodishiwa vyombo ikiwemo JC-120, nikafurahi kama nimeshinda mimi. Fundi mitambo akaja na maiki moja, akaisimamisha mbele ya spika ya kushoto, akaondoka. Nasikia raha pale nilipo, lakini mke wangu, aliyekuwa meza za nyuma, akanitumia ujumbe kwamba leo gitaa liko kavu. Mapumziko nikamwomba fundi aisogeze. Akaihamishia spika ya kulia. Hapo ikawa balaa, maana huko nyuma sasa wanasikia ile sauti inayopanda na kushuka peke yake, gitaa zima linaonekana limetoka kwenye tuni. JC-120 inataka maiki mbili, moja kila spika, halafu zitupwe kushoto na kulia kwenye mikisa. Na kama spika za ukumbi zote zinatoa sauti ya aina moja, zima korasi uendelee na maisha. Fundi alikuwa na maiki moja tu ya ziada na MC alikuwa ameing'ang'ania.

Wanaoagiza JC-120 iliyotumika kutoka Japani, nawaomba wageuze boksi wasome kibati cha nyuma kwanza. Mashine zilizouzwa kwa matumizi ya ndani kule ni za volti 100. Watu wanaenda Kariakoo wananunua transfoma ya 110 kwa kudhani Japani na Marekani ni mamoja. Itawaka, itapiga, na itakuwa inakula umeme zaidi ya kipimo chake kila siku, kwenye joto la Dar. Tafuta transfoma ya 100 au chonga na fundi.

Dogo wetu wa kinanda, ambaye pia anapiga gitaa kanisani kwao Temeke, yeye anaota valvu. Anataka Fender Twin Reverb. "Kaka, si unataka usafi? Twin ndiyo mama wa usafi." Na hapo kanishika. Twin iliyotoka miaka ya 60 ina valvu nne za 6L6, wati 85, spika mbili za inchi 12, na inabaki safi mpaka watu wa mbele wanahama viti. Valvu siyo lazima zikwaruze, hilo ni suala la ilivyoundwa.

Pingamizi langu liko kwenye maisha ya hapa. Twin ina uzito wa kilo 29 hivi, mpandishe nayo ngazi za ukumbi wa ghorofani halafu umwambie apige solo. Valvu ni kitu kinachochakaa, na mimi sijawahi kuona 6L6 ikiuzwa kaunta Kariakoo, unaagiza, unasubiri. Zinazotengenezwa leo duniani zinatoka zaidi Urusi, Slovakia na China, na vita vya Ukraine vilipoanza 2022 bei zake zikapaa kila mahali. Umeme wetu nao ukishuka, moto wa valvu unashuka pamoja nao, amplifaya inalegea, ule usafi uliouziwa unaondoka. Ukiwa na ya Marekani, transfoma ya kushusha inabadilisha volti lakini haigusi hezi, yaani mitetemo kwa sekunde: wao wana 60, sisi 50, na transfoma ya ndani iliyopimwa kwa 60 inachemka zaidi kwa 50. Halafu kuna suala la mkono wa fundi. Ndani ya Twin kuna volti zaidi ya 400, na kapasita zinaweza kukaa na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mzee wangu wa Ilala alijifunzia kazi kwenye redio za valvu, kwa hiyo anajua wapi pa kutoweka kidole. Vijana wake wa benchi hawajawahi kufungua kitu cha namna hiyo, na sitaki wajifunzie kwangu.

Tangu 2019 Fender wana Twin nyingine, Tone Master, isiyo na valvu, inayoigiza ile kwa programu na yenye uzito wa kilo 15 tu. Dogo anaiona ni uongo. Mimi nimeisikia kwenye rekodi nikashindwa kuitofautisha, na ningeichukua kesho, isipokuwa bodi ikifa pale Ilala hatuna cha kufanya zaidi ya kuitazama.

Cha kuchekesha, huyohuyo dogo anayeota Twin hapigi na amplifaya yoyote. Kanisani anatoka kwenye kibao chake cha pedali anaingia mikisa moja kwa moja, na nusu ya wapiga gitaa wa Dar wanafanya hivyohivyo. Kwa sauti safi inakubalika kabisa. Shida inakuja ukikwaruza: spika ya gitaa inaishia kama hezi 5,000, inakata yale makali ya juu, wakati spika za ukumbi zinayatoa yote, na hapo distoshoni ya pedali inageuka nyuki ndani ya kopo. Vibao vya kisasa vinaigiza hata spika ili kutibu hilo. Kinachonikera mimi ni kingine. Ukiingia mikisa moja kwa moja, kujisikia kwako kuko mikononi mwa fundi mitambo. Ukimwona mpiga solo ananyoosha kidole juu katikati ya wimbo, hamsifu Mungu wala hasalimii ndugu. Anaomba aongezewe sauti kwenye monita, ile spika ya jukwaani ya kujisikilizia.

Mpiga besi wetu, dada wa Kigamboni, anatuangalia tu tukibishana. Alishaomba kuchomeka kwenye Bandit yangu nikamkatalia kwa heshima zote, maana uzi wake wa chini uko kwenye hezi 41, wangu unaanzia 82, na spika ya gitaa haikuundwa kusukumwa mpaka huko.

Nimeshaamua, sitaki tena JC-120 nzima. Nataka mdogo wake, JC-40: wati 40, spika mbili za inchi 10, kilo karibu 16, korasi ileile ya hewani, na nyuma ina matundu mawili ya kutolea sauti kushoto na kulia, kwa hiyo habari ya maiki moja inaisha. Wati 40 ni chache kuliko nilizozoea, najua, na jamaa wa Tabata ameshaanza kunirudishia maneno yangu kuhusu Katana. Lakini kwa ile hesabu yake mwenyewe nitapoteza desibeli 3 tu, nitazidisha kwenye mikisa, na inaingia kwenye bajaji pamoja na mimi na gitaa bila kumlipa dereva nauli ya abiria wa pili.

Mwenye JC-40 Dar, au anayemjua mwenye nayo, anitafute. Aseme mapema ni ya volti ngapi, na akubali niijaribu mpiga drum wetu akiwepo, siyo sebuleni. Bandit haiko sokoni, msiulize, mzee wetu wa ridhimu ameshaishika. Bei tumekubaliana, atalipa kidogokidogo kila baada ya shoo. Kinachotugombanisha ni transfoma: mimi nasema inauzwa kivyake, yeye anasema hajawahi kusikia mtu ananunua ng'ombe halafu anadaiwa na kamba.